Mabaki ya Meza

Wewe unakiona kikombe cha Meza ya Bwana kikiwa kimeinuliwa juu, kinang'aa, na moyo wako unanyenyekea. Mimi nakiona baada ya nyinyi wote kukinywea. Upande mmoja kina rangi ya midomo ya akina mama wa kwaya, upande wa pili mafuta ya ndevu za akina baba, na chini kabisa, kwenye divai iliyobaki, kuna vipande vya mkate vilivyolowa na kuvimba. Vimetoka vinywani mwa watu waliokuwa na haraka ya kunywa kabla hawajameza. Sibahatishi ninaposema vimetoka vinywani, maana vingine vina alama za meno.

Na mabaki hayo hayamwagwi. Katika usharika wetu kilichobarikiwa hakirudi kwenye chupa wala hakiendi kwenye bomba la maji machafu, kwa hiyo mtunza vyombo anakinywa. Anasimama peke yake kwenye kile chumba cha nyuma ya madhabahu tunachokiita sakristia, chumba chenye upana wa kitanda na nusu, anafumba macho, anakunywa mate ya watu mia na arobaini pamoja na makombo yao, halafu ndiyo anaosha. Siku za kazi mimi nafua mashuka ya zahanati. Nimefua mashuka ya kila aina, na hakuna hata moja lililowahi kunitia kichefuchefu kama kikombe hicho. Shuka la mgonjwa limechafuliwa na mgonjwa, atafanyaje, masikini. Kikombe kimechafuliwa na watu wazima wenye afya zao, waliovaa tai.

Kazi hiyo ilikuwa ya dada yangu kabla haijawa yangu. Dada alitunza vyombo miaka kumi na tisa, na mimi nikiwa msaidizi wake wa kufuta na kupanga. Yeye mabaki hayakumsumbua hata kidogo. Aliyanywa kama mtu anayemalizia chai yake, kisha ananicheka.

"Unakunja uso wa nini? Si ndugu zako hao?"

"Ndugu zangu siwajui kwa mate," nilimwambia siku moja.

Alicheka mpaka akashikwa na kikohozi. Kifua chake kilikuwa kibovu tangu utotoni, na kucheka kulimgharimu, lakini hakuacha.

Miaka mitatu iliyopita kulikuwa na msichana mmoja hapa usharikani aliyepata mimba bila ndoa. Akatengwa. Kwetu mtu akitengwa anahamia benchi la mwisho, lile la karibu na mlango, na hasogei kwenye Meza ya Bwana mpaka asimame mbele ya watu wote atubu. Mtoto alizaliwa amekufa, na msichana mwenyewe akaugua asinyanyuke tena. Akaomba aletewe Meza nyumbani. Akajibiwa kwamba sharti kwanza aje asimame mbele ya usharika. Mtu aliyekuwa anageuzwa kitandani kwa shuka la kuazimwa zahanati, katika yale yale ninayoyafua mimi, anaambiwa aje asimame!

Jumapili moja baada ya ibada, Dada hakula vipande vitatu vilivyobaki kwenye sahani. Alivifunga kwenye leso nyeupe aliyoipiga pasi mwenyewe, akatia divai kidogo kwenye kichupa cha dawa alichokichemsha, akaenda. Mimi nilimwona. Nilimuuliza anakwenda wapi na vitu hivyo, akasema, "Si ningevila mimi? Mimi nimeshashiba." Msichana akala, akanywa, akafurahi, na kwa furaha yake akamsimulia mama yake. Mama naye akamsimulia baba. Wiki haikupita msichana akafariki.

Sasa baba wa msichana ndiye mwenyekiti wa baraza letu la wazee wa kanisa. Sisi chini kwa chini tunamwita Mzee Utaratibu, kwa sababu hawezi kumaliza sentensi tatu bila kulitaja neno hilo. Binti yake alifariki Jumanne. Jumatano baraza likakaa haraka haraka, yeye mwenyewe akiwa kitini, wakamrudisha binti kundini akiwa tayari yuko mochwari, ili azikwe kwa kengele na kwaya. Mimi simwonei kijicho yule binti. Alistahili kengele hata mbili. Ila katika kikao hicho hicho, ajenda iliyofuata ilikuwa dada yangu.

"Ulichukua vitu vitakatifu?" wakamuuliza.

"Nilichukua."

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Ya binti yako," akamjibu Mzee Utaratibu. "Ndiye aliyekuwa na njaa."

Wakamtenga mwaka mzima. Kazi ya vyombo wakanipa mimi, na mimi, macho makavu, nikaipokea. Nilijiambia kwamba nisipoipokea itakwenda kwa mke wa mwenyekiti. Hayo ndiyo niliyojiambia, na yananitia aibu mpaka leo. Kila Jumapili nilikuwa nawaoshea kikombe watu waliomweka dada yangu kwenye benchi la mlangoni, na yeye ananiangalia kutoka kule nyuma bila hasira yoyote, jambo lililonichoma zaidi. Mwezi wa kumi na moja wa adhabu yake kifua kikambana, akafa. Safari hii hakuna aliyeitisha kikao cha Jumatano, wala kengele haikupigwa.

Mama yetu hakujua lolote katika hayo. Amepita miaka themanini, hajui kusoma, na wakati ule masikio yake yalikuwa yamebaki kama pambo tu. Dada mwenyewe ndiye aliyeniomba. "Usimwambie. Mwambie nakaa nyuma kwa sababu ya kikohozi, na vyombo nimeacha kwa sababu ya maji baridi." Nikamwambia hivyo. Siku ya mazishi nikamwambia Mchungaji amesafiri, tukamwita mjomba ambaye ni mwinjilisti kwingine akatuombea. Uongo mmoja ukaita mwenzake, na mimi nikawa fundi.

Lakini uongo mkubwa kuliko wote ulikuwa wa Jumapili ya Kuwakumbuka Marehemu. Siku hiyo kwetu ni Jumapili ya mwisho kabla ya Majilio, yale majuma ya kuisubiri Krismasi. Mchungaji anasimama na karatasi ndefu, anasoma majina ya waliotutangulia, na baada ya kila jina kengele ndogo inagongwa mara moja. Aliyekufa akiwa ametengwa hasomwi. Mwaka wa kwanza baada ya Dada, Mama alikaa safu ya pili, akaligeuza lile sikio lenye nafuu, akashika fimbo yake kwa mikono miwili, akasubiri. Majina yakaisha. Tulipotoka nje akanivuta mkono.

"Wamemsoma? Sikusikia vizuri."

"Wamemsoma, Mama."

"Wamemsoma pamoja na jina la baba yenu?"

"Pamoja na la Baba. Mchungaji kalisoma taratibu, vizuri kabisa."

Mama akatabasamu, na siku hiyo akala akashiba. Mwaka wa pili akauliza tena, na mimi nikamsomea ibada nzima ya uongo, nikatia chumvi, nikasema hata kuna mtu alilia. Usiku ule nilijitazama kwenye kioo nikasonya.

Basi mwaka huu kaka yetu, ambaye ni dereva wa malori, alikuja likizo akampeleka Mama kwa daktari wa masikio. Wakarudi na mashine, kidude kidogo cha rangi ya ngozi cha kupachika sikioni. Mama akawa mtu mwingine. Alitukodolea macho nyumba nzima.

"Hiyo saa ya ukutani huwa inapiga kelele hivi siku zote?"

"Siku zote, Mama."

"Na wewe, kumbe unatafuna hivyo?"

Jumapili ya kwanza aliyokwenda kanisani na mashine, kwaya ilipoanza tu, akasema kwa ile sauti yake ya kiziwi, ambayo hakuwa amejifunza kuipunguza, "Mbona yule baba wa sauti nene anaimba wimbo wake mwenyewe?" Watu walicheka, na mimi nikacheka, mpaka tulipofika nyumbani akaketi, akavua viatu, akaniambia, "Mwaka huu nitamsikia dada yako kwa masikio yangu mwenyewe. Sihitaji tena kukuuliza wewe."

Nikaiendea kalenda ukutani. Zilikuwa zimebaki wiki tatu.

Nikaenda kwa Mchungaji. Mchungaji wetu ni mtu mpole, lakini upole wake ni wa mtu anayeogopa vikao. Nilimweleza yote, hata uongo wangu. Akasikitika sana, akashika kichwa, akasema Mama asiumizwe, akasema dada yangu alikuwa mtu wa Mungu. Nilipomwambia basi msome, akakohoa. Akasema nilipeleke jambo hilo barazani.

Baraza linakaa Jumamosi mchana kwenye chumba kilicho nyuma ya ofisi. Kina meza moja ndefu, viti vya plastiki, na kabati ambalo mlango wake haufungi. Wazee sita na Mchungaji walikuwa wanakunywa chai na biskuti. Hawakunikaribisha chai. Mzee Utaratibu alichovya biskuti kwenye kikombe chake, akaiacha ilowe mpaka ikakatika, kipande kikazama. Akaingiza vidole viwili kwenye chai, akakivua, akakitupia mdomoni, akalamba vidole kimoja baada ya kingine, halafu akavipangusa kwenye faili la kumbukumbu za vikao. Hapo nikajua ni nani anayeniachia vile vipande vikubwa chini ya kikombe kila Jumapili. Nilikuwa nimemla yule mzee kwa miaka mitatu.

"Dada mtunza vyombo," akaniambia, mdomo haujawa mtupu, "hapa hakuna mwenye chuki na marehemu. Ni utaratibu. Aliyekufa chini ya nidhamu ya kanisa hasomwi. Tukimsoma mmoja, kesho watakuja kumi."

"Binti yako alikufa chini ya nidhamu," nikasema.

Wazee wengine wakaanza kuangalia chai zao. Yeye hakutikisika.

"Binti yangu alishiriki Meza ya Bwana kabla ya kufa. Hiyo ni alama ya toba. Imeandikwa kwenye kumbukumbu."

Nilidhani sikusikia vizuri, labda masikio ya Mama yamehamia kwangu. Nikamwomba arudie, akarudia. Mkate ule ule! Mkate uliomtoa dada yangu kanisani ndio uliomrudisha binti yake, na mtu mzima mwenye mvi anakaa mbele yangu ananieleza hivyo huku ana chembe za biskuti kidevuni.

"Na hiyo Meza aliletewa na nani?" nikauliza.

"Hilo ni jambo lingine. Tusichanganye mambo."

Mate yakanijaa kinywani, yale ya kutaka kutapika. Nilitaka kuondoka. Miguu yangu yote miwili ilitaka kuondoka. Lakini nikamwona Mama amekaa safu ya pili na mashine yake, anasikiliza jina baada ya jina mpaka karatasi inaisha. Nikabaki kwenye kiti.

Mzee Utaratibu akaona nimenywea. Akasema baraza lina huruma, akasema kuna njia. Ndugu wa marehemu akiandika barua ya toba kwa niaba yake, ikasomwa mbele ya usharika, marehemu anahesabiwa amerudi kundini. Akanisukumia karatasi na kalamu. Nikaandika kwa maneno yangu kwamba dada yangu alichukua mkate na divai bila ruhusa akampelekea mgonjwa aliyekuwa ameomba. Akavuta karatasi, akasoma, akatikisa kichwa.

"Hapa kwenye mgonjwa, ondoa. Tutakuwa tunachafua marehemu wengine. Watu wanajua ni nani alikuwa mgonjwa wakati ule."

"Nikiondoa mgonjwa, mkate ulikwenda wapi?"

"Andika, akaondoka navyo kwa matumizi anayoyajua mwenyewe."

"Mzee, watu watasema alikwenda kuroga nao. Unawajua watu."

"Watu watasema wanavyosema watu. Wewe unataka asomwe au hutaki?"

Nikamtazama Mchungaji. Alikuwa anaangalia dirisha, na dirisha lenyewe lilikuwa na pazia. Nikaandika. Niliandika kwamba dada yangu alichukua kwa siri vitu vitakatifu akaondoka navyo kwa matumizi anayoyajua mwenyewe, kwamba alisukumwa na kiburi, kwamba alikataa kutubu alipoonywa, na kwamba mimi mdogo wake natubu kwa niaba yake na kuomba jina lake liingizwe kwenye orodha kuanzia mwaka huu. Neno la kiburi alilisisitiza yeye. Nikatia sahihi, kwa mwandiko wangu mzuri ule ule niliofundishwa na Dada mezani nyumbani nikiwa darasa la kwanza.

Usidhani sikufikiria Mama. Nilimfuata Mchungaji nje nikamshika mkono wa koti. Tuna ibada mbili, ya alfajiri na ya saa nne, na Mama huwa anakuja ya saa nne. Nikamwomba barua isomwe alfajiri, majina yasomwe saa nne. Akaniahidi. Alifarijika kweli kupata kitu anachoweza kuniahidi, akanishika mabega akaniombea pale pale kwenye ngazi. Pumzi yake ilinuka biskuti.

Jumapili ikafika. Alfajiri nilikuwa sakristia napanga vyombo, nikaisikia barua ikisomwa kwa watu wachache wenye usingizi, haraka haraka, ikapita. Nikashusha pumzi. Nikanywa mabaki ya ibada ya kwanza kwa mkupuo mmoja, nikasema moyoni kwamba kama bei ndiyo hii basi nimeshailipa.

Saa nne Mama alikaa mahali pake safu ya pili amevaa gauni lake la bluu, kitambaa amekisukuma nyuma ili kisizibe mashine. Mimi pembeni yake. Kila mara alikuwa ananipigapiga goti. Mchungaji alipochukua karatasi ya majina, Mzee Utaratibu akasimama kutoka kwenye viti vya wazee, akanyoosha koti, akaenda kwenye kipaza sauti. Mchungaji akamnong'oneza kitu, yeye akampungia mkono kama mtu anayefukuza nzi.

"Kabla hatujaendelea," akasema, "kuna barua iliyosomwa ibada ya kwanza. Kwa utaratibu, na kwa faida ya ambao hawakuwepo, naisoma tena."

Nilitaka kuinuka nimtoe Mama nje. Nilimshika kiwiko. Akakitoa mkononi mwangu, akaweka kidole kwenye midomo, ninyamaze, anataka kusikia.

Aliisoma polepole. Hakuruka neno. Kwenye "kwa matumizi anayoyajua mwenyewe" akainua macho, akatutazama wote, akameza mate, akaendelea. Nyuma yetu minong'ono ikaanza, na mama mmoja wa kwaya akasema kwa mwenzake, kwa sauti ambayo mwaka jana Mama asingeisikia, "Ndiyo maana walimzika kimyakimya. Alikuwa anawauzia waganga." Mama akageuza shingo. Alimtazama yule mwanamke kuanzia kilemba mpaka viatu, kisha akageuka mbele tena. Mzee Utaratibu akafika mwisho, kwenye ombi la kuingizwa orodhani kuanzia mwaka huu, akasema, "Imeandikwa na kusainiwa na mdogo wake, tunayemfahamu sote, mtunza vyombo wetu." Akaikunja barua yangu akaiweka mfukoni.

"Kuanzia mwaka huu?" Mama akaniuliza.

Nikainamia kitabu cha nyimbo.

Mchungaji akaanza majina. Lilisomwa jina la binti wa Mzee Utaratibu, na baba yake akainamisha kichwa, mkono kifuani, kengele ikagongwa. Yakapita mengine saba au manane. Halafu likasomwa la dada yangu. Mchungaji alilisoma taratibu, vizuri kabisa, pamoja na jina la Baba, kama nilivyomsimulia Mama miaka miwili mfululizo. Kengele ikagongwa. Nikamtazama Mama usoni kutafuta lile tabasamu, Mungu anisamehe, hata wakati ule bado nilikuwa nalitafuta.

Mama akasimama.

"Baba Mchungaji," akasema, "naomba usiendelee kwanza."

Mchungaji akaishusha karatasi.

"Mwanangu aliiba?"

"Mama, ameshasamehewa," Mchungaji akasema. "Tafadhali keti, tutazungumza baadaye."

"Sijauliza kama amesamehewa. Nauliza aliiba?"

Mchungaji akamtazama Mzee Utaratibu. Mama aliona anakotazama, akaachana naye, akanigeukia mimi.

"Wewe ndiye uliyeandika. Huo mkate aliupeleka wapi?"

Watu wote wakaninyooshea macho. Mzee Utaratibu alinitazama bila kupepesa. Mkewe, kwenye safu ya mbele, alikuwa anaangalia viatu vyake. Ningesema. Jina la yule binti lilikuwa mdomoni kwangu, lilikuwa limetoka kusomwa dakika tano zilizopita, kengele yake ilikuwa bado haijasahaulika. Neno moja tu, na dada yangu angesafishika mbele ya kanisa zima.

"Kwa mgonjwa, Mama," nikasema.

"Mgonjwa gani?"

"Mgonjwa tu."

Mama alinitazama muda mrefu. Sijawahi kutazamwa vile na mtu anayenipenda. Nilitamani anipige na fimbo.

"Kumpa mgonjwa mkate," akasema, na sauti yake ilifika mpaka benchi la mlangoni, "ndiyo ukaandika barua ndefu hivyo kumwombea msamaha?" Kisha akamgeukia Mchungaji. "Mtoeni mwanangu humo."

"Mama, jina limeshasomwa."

"Nimesikia. Limesomwa kwa huruma yenu, na huruma hiyo mimi siitaki. Likateni."

Mzee Utaratibu akasimama, akaanza kusema hakuna utaratibu wa namna hiyo, kwamba jambo kama hilo linahitaji kikao. Mama hakumpa hata jicho. Alishika fimbo, akatoka kwenye safu, akatembea mpaka kwenye mimbari peke yake. Mchungaji, kwa ule upole wake, akajikuta ameshamnyooshea karatasi. Mama akaishika juu chini, akaitazama, akairudisha juu ya mimbari.

"Mimi sijui kusoma," akasema. "Njoo wewe. Uliyeandika ndiye utakayekata."

Nikaenda. Sijui nilifikaje. Mchungaji akanipa kalamu yake na mimi nikalitafuta jina la dada yangu kati ya majina ya watu waliokinywea kikombe chake miaka kumi na tisa, nikaliona, nikapitisha mstari juu yake kutoka mwanzo mpaka mwisho. Mama alikuwa ameinama karibu na mkono wangu, pua karibu iguse karatasi. Nilipoinua kalamu, akamshika Mchungaji mkono wa joho.

"Ni lake kweli alilolikata?" akamuuliza. "Niangalizie vizuri, baba. Huyu huwa ananidanganya."